Kemia mbili katika chandarua kimoja

MHITIMU wa kemia kutoka Suneka anayetaka kuendelea na masomo ya uzamili hukabiliwa mapema na swali ambalo shahada ya kwanza haikumlazimisha kulijibu: je, achague kemia kaboni au kemia ya kifizikia? Wengi huamua kwa kufuata alama walizopata, au mhadhiri aliye tayari kuwasimamia. Hata hivyo, tofauti ya matawi hayo mawili huonekana wazi katika kitu kinachoning'inia juu ya vitanda vingi vya mji huo mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Migori. Kitu hicho ni chandarua kilichotiwa dawa.

Asili ya dawa hiyo inawagusa Wagusii moja kwa moja. Kwa miongo mingi, wakulima wa sehemu zilizoinuka kuliko Suneka, kama vile Masaba na Nyamira, walichuma maua meupe ya pareto, wakayakausha na kuyauza kwa Bodi ya Pareto iliyokuwa Nakuru. Mkulima hakulipwa kwa uzani pekee. Maua yalipimwa ili kujua kiasi cha pairethrini, yaani sumu ya wadudu iliyomo, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 1 na 2 ya ua lililokauka.

Kuitambua sumu hiyo kulikuwa kazi ya kemia kaboni, tawi linalochunguza molekuli zilizojengwa kwa atomi za kaboni: zimeundwaje, na zinaweza kuundwa upya kwa njia gani. Mnamo 1924, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walichapisha matokeo ya utafiti wao wa miaka mingi kuhusu muundo wa pairethrini. Wengine walirekebisha baadaye sehemu za muundo huo, na leo inajulikana kwamba ua la pareto lina sumu sita zinazofanana sana, wala si moja.

Sumu hizo zina udhaifu mmoja. Huharibika upesi zinapopigwa na jua, jambo linalosifiwa na watunza mazingira lakini linalomkera mwenye shamba la pamba. Mwaka wa 1973, kundi la Michael Elliott katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, lilitangaza permethrini, molekuli iliyoigwa kutoka kwa ile ya pareto huku sehemu zinazoshindwa na mwanga zikiwa zimebadilishwa. Kitaaluma ilikuwa kazi ya kupigiwa mfano. Kwa mkulima wa Gusii ilikuwa habari mbaya, kwani dawa za viwandani za jamii hiyo, ziitwazo pairethroidi, zilitwaa sehemu kubwa ya soko. Lakini si haki kuwabebesha wanakemia lawama zote: malipo yaliyochelewa humu nchini pia yaliwafanya wengi kung'oa pareto.

Kemia ya kifizikia haishughulikii sana molekuli ni ipi. Huuliza inakwenda kwa kasi gani, inahitaji nishati kiasi gani, na nini huizuia. Katika aina ya chandarua ambayo kiwanda cha A to Z kilianza kuitengeneza Arusha, Tanzania, mnamo 2003, permethrini haipakwi juu ya uzi. Huchanganywa na plastiki iliyoyeyushwa kabla ya uzi kuvutwa. Mama anapokifua chandarua hicho, dawa iliyo juu huondoka na maji, kisha iliyo ndani husafiri polepole hadi juu kuchukua nafasi yake. Safari hiyo hutegemea joto, maana molekuli hupenya plastiki upesi zaidi penye joto. Kwa hesabu hiyo, chandarua kilichofuliwa Kisumu hurejesha nguvu mapema kuliko kile cha Suneka, ambako usiku huwa na baridi zaidi.

Shirika la Afya Duniani hutaka chandarua cha kudumu kiendelee kufanya kazi baada ya kufuliwa mara 20 katika maabara, na kwa miaka mitatu nyumbani. Kila moja ya tarakimu hizo inahitaji mtu wa kuipima.

Anayechagua kemia kaboni ajiandae kukaa miezi akitenganisha vitu vilivyomo katika mmea mmoja, kununua viyeyushi ghali, na mara nyingi kupeleka sampuli ng'ambo kwenye mashine za sumaku zinazoonyesha mpangilio wa atomi. Wapo waliomaliza kazi ya mikono mapema, wakabaki kungoja majibu. Kemia ya kifizikia hutumia vitu vichache zaidi, lakini aliyekwepa hesabu akiwa mwaka wa pili atazikuta zikimsubiri. Katika matawi yote mawili, kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI. Chuo kikuu cha umma kilicho karibu zaidi na Suneka ni kile cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka wa 2013 baada ya kuwa chuo kishiriki cha Egerton.

Maswali ya kuchunguza hayajaisha. Mbu wengi wa magharibi mwa Kenya sasa wanastahimili pairethroidi, na vyandarua vipya vimeongezewa kemikali iitwayo PBO, inayozuia vimeng'enya ambavyo mbu hutumia kuivunja sumu. Vipimo vya vyandarua vilivyotumika majumbani vimeonyesha kwamba PBO hupungua upesi kuliko dawa yenyewe. Mwanakemia kaboni anaweza kutafuta molekuli nyingine ya kufanya kazi hiyo. Mwenzake wa kifizikia anaweza kuchunguza jinsi ya kuizuia PBO isitoke katika uzi kabla ya miaka mitatu kutimia.