Asiye na Jiko Ajue Kipi Kinalika



Sote tuishio Bagamoyo tumewaona wanaolala vibarazani na jirani na soko la samaki. Wengine ni watoto, wengine ni watu wazima waliokuja kutafuta kazi wakaikosa. Siku ya sikukuu tunawapa sahani ya wali, tunaridhika. Je, siku nyingine wanakula nini? Wanaokota. Na wengi wao ni watu wa bara, hawaijui pwani.

Jambo hili si geni hapa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868, waliwapokea watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wakiwa wametolewa mbali sana. Hawakuwa na ndugu wala shamba. Walipewa mahali pa kukaa na kulima, wakajifunza udongo huu wa mchanga na mimea yake. Aprili 1872 tufani ilibomoa majengo mengi ya misheni, ikabidi kuanza upya.

Ukurasa huu unaziomba familia zetu, hasa mabibi na mababu, ziwafundishe wasio na makazi yale wanayoyajua. Hatusemi maskini aambiwe akale majani. La hasha! Sahani ya wali iendelee. Lakini mwenye njaa ataokota tu, tupende tusipende, basi aokote kwa akili.

Tuanze na vinavyoua, maana hapo ndipo pa haraka. Samaki bunju, yule anayejivimbisha tumbo (jina lake ni lile la mtaa tunaoupita tukienda Dar es Salaam), ana sumu ambayo moto hauiondoi. Wavuvi humtupa mchangani, na mtoto mgeni humwona ni riziki. Kasa naye aachwe. Mbali na kuwa analindwa na sheria, nyama yake mara nyingine huwa na sumu, na haiondoki hata ukiichemsha mchana kutwa. Wenzetu wa kisiwa cha Panza, Pemba, walipata msiba huo Machi 2024: watu 9 walikufa baada ya kula kasa, 8 kati yao watoto. Hao walikuwa watu wa pwani hasa. Itakuwaje kwa mgeni?

Porini kuna mbegu nyekundu za mturituri zenye doa jeusi, watoto hupenda kuzichezea. Zisitafunwe kamwe, wala mbegu za mbarika. Ndiga, kile kiazi cha porini ambacho wazee walikichimba wakati wa njaa, ni chakula kwa anayejua kukikatakata na kukiloweka kwenye maji yanayotiririka kwa siku kadhaa. Kwa asiyejua ni sumu. Tunashauri asiye na sufuria asikiguse.

Muhogo nao usidharauliwe. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime watu walikula muhogo mchungu bila kuuandaa kwa muda wa kutosha. Wengine miguu yao ilipooza kwa ghafla, na ulemavu huo hauponi. Ugonjwa huo huitwa konzo. Kijana anayeng'oa muhogo asioujua na kuutafuna mbichi njiani aonywe.

Sasa yanayofaa. Mchicha wa porini, mlenda, na majani ya mnavu yaliyochemshwa (matunda yake mabichi, hapana). Ukwaju, kunazi, zambarau, mabungo, na ubuyu, ambao una vitamini C nyingi. Majani yasichumwe kando ya mtaro wa maji machafu wala shamba lililopigwa dawa. Chaza na kombe wasiokotwe karibu na mfereji wa maji taka, na wapikwe. Huko Saadani ni hifadhi ya taifa, hairuhusiwi kuokota chochote bila kibali.

Hapa tuseme wazi: mnazi una mwenyewe. Kijana akiangua dafu moja kwa kiu huitiwa mwizi, na tunajua kinachofuata. Wenye miti, je, hatuwezi kuwaambia ni mti upi waokote vilivyoanguka?

Maji yachemshwe. Asiye na moto ayachuje kwa kitambaa mpaka yawe maangavu, ayatie katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ailaze juani kwa saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, siku 2.

Na mtu yeyote akila kitu kisha midomo ikafa ganzi, akatapika au akalegea viungo, asipewe maziwa wala asingojewe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile, na mabaki ya alichokula yachukuliwe pamoja naye ili mganga ayaone.