Greenville wana Annie Oakley wao, Chumbi tumkumbuke nani?

KATIKA mji mdogo wa Greenville, jimbo la Ohio nchini Marekani, imesimama sanamu ya mwanamke mwenye bunduki. Hakuwa askari, wala jangili. Alikuwa mwanamichezo na mtumbuizaji, na watu walilipa kiingilio kumwona akilenga shabaha kama sisi tunavyojaa Uwanja wa Mkapa kumwona straika akipachika mabao.

Jina lake ni Annie Oakley. Alizaliwa Agosti 13, 1860 katika wilaya ya Darke, ambako Greenville ndiyo makao makuu, na wazazi wake walimwita Phoebe Ann. Amefariki karibu miaka 100 iliyopita, lakini pale kwao bado anazungumzwa kama jirani aliyesafiri juzi tu.

Maisha yake hayakuanza kwa makofi. Baba yake alifariki akiwa bado mtoto mdogo, na nyumba ikabaki na njaa. Akajifunza kutega ndege na kushika bunduki ya marehemu baba yake ili ndugu zake wapate kitoweo. Alipofika miaka tisa hivi, umaskini ulimpeleka kwenye makazi ya wasiojiweza ya wilaya, na kutoka hapo akachukuliwa na familia moja iliyomtumikisha na kumtesa. Hadi anakufa hakuwataja kwa jina. Aliwaita "mbwa mwitu", basi.

Aliporudi nyumbani akiwa binti mdogo, aliingia porini kuwinda na kuuza nyama ya ndege na sungura kwa wenye maduka. Fedha hizo ndizo zilizolipa deni la shamba la mama yake. Kwa hiyo kabla hajawa nyota wa jukwaani, bunduki kwake ilikuwa jembe.

Kisha ikaja mechi iliyobadilisha kila kitu. Frank Butler, mlengaji wa kulipwa aliyekuwa akizunguka na maonyesho, alikubali kushindana na mtu wa huku mashambani. Alitegemea dume la nguvu, akaletewa msichana mwenye kimo cha futi tano tu. Inasimuliwa kuwa wote walikwenda sawa mpaka shabaha ya mwisho, Butler akakosa, binti akapata. Mwanaume mwingine angenuna. Butler alimposa. Wakaoana, na baadaye jamaa akaachia nafasi ya mbele akawa meneja wa mkewe. Fikiria hilo lilikuwa karne ya 19!

Mwaka 1885 wawili hao walijiunga na maonyesho ya Buffalo Bill, kundi kubwa la farasi, wapanda farasi na walenga shabaha lililozunguka Marekani na Ulaya. Sitting Bull, kiongozi maarufu wa Walakota, alimpenda kama binti yake na kumpa jina lenye maana ya mlengaji mdogo asiyekosa. Mwaka 1887 alikuwa London, Malkia Victoria akisherehekea miaka 50 ya utawala. Alipasua mipira ya kioo iliyorushwa hewani, akatoboa karata, akalenga shabaha iliyokuwa nyuma ya mgongo wake kwa kutazama kwenye kioo.

Sasa msomaji wa Chumbi, Ikwiriri au Kibiti atauliza: hayo ya Wamarekani yanatuhusu nini?

Yanatuhusu, bwana. Kisa kimojawapo kinachosimuliwa sana juu ya Annie ni kwamba alipokuwa Ujerumani, Wilhelm, ambaye dunia ilimjua kama Kaiser, alitaka apigwe shabaha kwenye sigara yake. Annie akalenga, majivu yakadondoka, bwana mkubwa akabaki salama. Vita Kuu ilipolipuka, watu wakatania kwamba laiti siku ile angekosa shabaha! Kaiser huyo ndiye aliyetawala nchi yetu kwa mkono wa chuma, na meli yake ya kivita, Königsberg, ilijificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji mpaka Waingereza walipoimaliza Julai 11, 1915. Mizinga yake iliokolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Leo ukitaka kuona mmojawapo, nenda Fort Jesus, Mombasa.

Tazama pia upande wa juu wa mto. Kule Beho Beho lipo kaburi la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyesifika kwa shabaha, aliyedunguliwa Januari 4, 1917 akiwa vitani. Pori lote likapewa jina lake, na ni mwaka 2019 tu ndipo sehemu kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa hiyo mlenga shabaha mwenye kaburi linalotembelewa na watalii katika bonde letu ni mgeni. Aliyemdungua, jina lake halikuchongwa popote.

Hapo ndipo Greenville inapotufundisha. Wale hawakuishia kwenye sanamu. Jumba lao la makumbusho, Garst, limetenga sehemu maalumu ya Annie, zikiwamo bunduki na mavazi yake. Kila mwaka mwezi Julai hufanya tamasha lenye jina lake, na ndani yake wasichana hushindana kulenga shabaha. Mshindi hapatikani kwa sura wala kwa kutembea jukwaani. Anapatikana kwa kupiga. Sanamu inamkumbusha mpita njia, lakini shindano linamtoa binti mwingine.

Na jina lenyewe wanalilinda kwa sababu mwenyewe alilipigania. Mwaka 1903 magazeti yaliandika kwamba Annie Oakley amekamatwa kwa wizi ili apate fedha za dawa za kulevya. Aliyekamatwa alikuwa mwanamke mwingine aliyejiita kwa jina lake. Annie akayaburuta mahakamani magazeti 55, akayashinda 54, ingawa gharama za kesi zilimla kuliko fidia. Alitaka heshima yake irudi.

Sisi tumefanya nini? Theresia Dismas aliiletea nchi hii medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Brazzaville mwaka 1965. Jaribu kuuliza vijana kumi kijiweni, uone wangapi wanamjua. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma aliyegeuka mpigania uhuru na kugombea ubunge Rufiji mwaka huohuo wa 1965, jina lake linatajwa na makonda wa Dar es Salaam kila siku, lakini abiria wangapi wanajua aliimba?

Sanamu ya shaba ni ghali, na hakuna anayeidai leo. Lakini ukivuka Daraja la Mkapa kuelekea Lindi ukafika Chumbi, shule zipo, viwanja vya vumbi vipo, na mabinti wanaocheza netiboli na soka wapo. Kikombe cha netiboli cha kata kinaweza kupewa jina la mama wa hapahapa aliyewahi kuwika. Mwalimu wa michezo anaweza kufungua daftari na kuandika nani alichaguliwa UMITASHUMTA au UMISSETA, mwaka gani, alifunga mangapi. Daftari hilo haligharimu hata bei ya mpira mmoja, na wazee wanaokumbuka hawatakuwapo milele.

Annie alirudi kufia kwao, Novemba 3, 1926. Butler alikataa kula, akamfuata baada ya siku 18. Wamezikwa pamoja kwenye makaburi ya kijijini, karibu na mashamba ambako binti yatima alijifunza kulenga ili nyumbani pawe na mboga. Watu wa kwao waliamua kwamba hilo halitasahaulika.