Bustani ya Jirani Yako

Je, umewahi kupanda mchicha ukaliwa wote na kuku? Ukakata tamaa? Usiache. Nenda kwa jirani ambaye bustani yake imestawi. Mwulize ameizungushia nini. Huenda ni miiba au matete, lakini ufundi wa kuyafunga utauona huko huko.

Kujifunza pamoja si jambo geni. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wanavijiji wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakachimba vyoo. Bustani nayo inataka kikundi. Watu watano wanatosha. Tembeleaneni kila juma.

Mchicha huwa tayari baada ya majuma matatu au manne. Acha mashina machache yatoe mbegu, uwagawie wenzako. Nao watakupa matembele. Hayo hayahitaji mbegu. Unapanda kipande cha shina tu.

Mboga hizi zina vitamini A, inayolinda macho. Zipike kwa mafuta kidogo, maana mafuta husaidia mwili kuipokea. Mtoto anayejikwaa jua likizama huenda anaikosa. Huyo usingoje mchicha uote. Mpeleke zahanati leo.