Mvua ya Juu, Mafuriko ya Chini

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Sina ugomvi na wahenga, lakini nadhani aliyesema hivyo hakuwahi kuishi katika Bonde la Kerio. Huko maji yanaweza kukubeba mchana peupe, jua likikuwakia utosini. Nitaeleza ni kwa nini, na pia utabiri wa vuli tunaosomewa redioni kila mwanzo wa Septemba una maana gani kwetu sisi wa juu na kwa jamaa zetu walio chini.

Tuanze na umbile la nchi. Mji wa Iten uko mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Ukisimama ukingoni na kutazama mashariki, ardhi inakatika kana kwamba imepasuliwa kwa shoka, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita elfu moja chini yako. Mwalimu wa jiografia alitufunza kwamba hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiposa asubuhi ya Septemba sisi tunakuja shuleni na sweta mbili, huku binamu yangu wa bondeni akilalamika kwamba hakulala kwa joto. Na ni safari ya matatu tu kupitia Tambach!

Mchana jua likichoma miteremko, hewa hupata joto na kupanda. Ikipanda hupoa, unyevu wake hugeuka mawingu, na ifikapo saa nane au tisa utayaona yamejipanga juu ya ukingo kama wanafunzi wakingoja githeri. Mvua inashuka huku juu. Chini kukavu.

Sasa tuje kwa majira. Mwezi wa Septemba mvua za katikati ya mwaka huku juu huanza kupungua. Tarehe 22 au 23 jua huwa juu ya ikweta, kisha huelekea kusini, na ukanda wa mvua hulifuata. Ukipita kwetu Oktoba na Novemba ndipo tunapata vuli. Bahari ya Hindi ndiyo yenye neno kubwa hapa. Upande wetu wa Afrika ukiwa na joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ukiwa baridi, pepo hutuletea unyevu tele. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1997, 2019 na 2023. Mambo yakiwa kinyume, tunakauka.

Idara ya Hali ya Hewa hutazama joto hilo la bahari, ndipo husema mvua itakuwa chini ya wastani, karibu na wastani au juu ya wastani. Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Wastani si mvua ya mwaka jana. Ni hesabu ya miaka 30. Tena ni jumla ya msimu mzima. Vuli iliyo "karibu na wastani" inaweza kuwa wiki tatu kavu na usiku mmoja wa gharika! Mtu wa bondeni anayetaka kupanda ndengu anahitaji kujua mvua itaanza lini na itagawanyika vipi. Hayo huja mwishoni mwa taarifa, wakati watu wameshazima redio.

Isitoshe, kuna maporomoko. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, udongo wa mteremko hulowa, huwa mzito, na pale miti ilipokatwa hakuna mizizi ya kuushika. Novemba 2019 maporomoko yaliua zaidi ya watu 40 Pokot Magharibi. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, ikawa zamu ya Chesongoch, hapa hapa Marakwet, na zaidi ya watu 20 wakafa. Yote mawili yalitokea katika vuli, watu wakiwa wamelala. Nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, mto uliopungua ghafla ilhali mvua haijaacha: ukiona hayo usingoje redio, toka.

Nilisema nitaeleza habari ya maji ya mchana peupe. Mjomba wangu ana miembe bondeni, kando ya kijito ambacho miezi mingi ni mchanga mtupu. Oktoba mwaka jana, siku ya jua kali, alishusha mbuzi pale. Akasikia mngurumo, akadhani ni lori. Kumbe ni mvua iliyotunyeshea sisi darasani mapema alasiri hiyo, hata mwalimu akaacha kufunza kwa sababu ya kelele za mabati. Sisi tulifurahi kupumzika. Maji yale yale yalikuwa njiani kwenda kwa mjomba. Mbuzi sita walikwenda nayo, naye akanusurika kwa kung'ang'ania mgunga.

Siku hizi mvua ikipiga huku juu, mama huacha kila kitu na kumpigia simu: "Ndugu yangu, huku kumeanza." Mjomba huangalia mbingu yake iliyo safi kabisa, hucheka, kisha huenda kuwatoa mbuzi.