Malkia mpweke aliyeipa chai heshima

Ukisafiri kutoka Kericho kupitia Litein hadi Bomet, mashamba ya chai hayakuachi. Pande zote ni kijani kitupu, na wachumaji, kapu mgongoni, wakichuma majani mawili na chipukizi. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyewazoesha Waingereza kinywaji hiki, hata wakaja kukitafutia ardhi huku kwetu? Sehemu ya jibu ni mwanamke mmoja wa Ureno.

Catherine wa Braganza alizaliwa tarehe 25 Novemba 1638 huko Vila Viçosa. Baba yake alikuja kuwa Mfalme João wa Nne. Siku hizo Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa mikononi mwa Wareno, na merikebu zao zilifika hadi Uchina. Kwa wakubwa wa Ureno, chai haikuwa kitu kigeni.

Mwezi Mei 1662 aliolewa na Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza. Kwetu ng'ombe hutoka kwa bwana harusi. Kwao mali ilitoka kwa bibi harusi. Ureno iliahidi fedha nyingi, ikatoa na miji miwili: Tangier na Bombay. Mwaka 1668 Charles aliikabidhi Bombay kwa Kampuni ya Mashariki ya India kwa kodi ya pauni 10 tu kwa mwaka. Kampuni hiyo hiyo ndiyo baadaye iliyotajirika kwa biashara ya chai.

Lakini ndoa ilikuwa shubiri. Mfalme alikuwa na vimada wengi, na alimlazimisha mkewe ampokee mmoja wao, Barbara Villiers, kama mhudumu wake wa chumbani. Mimba za Catherine ziliharibika, asipate mtoto. Tena alikuwa Mkatoliki katika nchi ya Waprotestanti. Mwaka 1678 alisingiziwa kwamba alitaka kumtilia mfalme sumu. Hapo angalau mumewe alimtetea.

Mwanamke huyu asiye na mtoto wala mamlaka alifanya nini? Alikuza sanaa. Kanisa lake lilijulikana kwa muziki wa Kiitalia, na Giovanni Battista Draghi akawa mpiga kinanda wake. Jacob Huysmans, mchoraji Mkatoliki kutoka Antwerp, alimchora katika umbo la mchunga kondoo.

Na mezani pake palikuwa na chai. Ni kweli kwamba chai iliuzwa London kabla hajafika, lakini wengi waliiona kama dawa au kioja. Malkia alipoinywa, mabibi wa ikulu wakaiga. Mshairi Edmund Waller alitunga shairi la kumsifu yeye na chai kwa pamoja. Baadaye mtindo huo wa wakubwa ukashuka hadi kwa wafanyakazi wa viwandani.

Kiu ya taifa zima inataka mashamba. Waingereza walipanda chai India, kisha Ceylon, na mwaka 1903 ikafika Limuru. Katika miaka ya 1920 kampuni kubwa zilianza kuipanda Kericho, katika ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wamenyang'anywa. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuuhamishia Gwassi ukoo wa Talai, viongozi wa kiroho ambao serikali ya kikoloni iliwaogopa. Wajukuu wao wamefikisha madai yao hadi Umoja wa Mataifa.

Catherine hakuyajua hayo, wala si haki kumtwika lawama. Mwaka 1692 aliondoka Uingereza kurudi kwao, akashika hatamu za utawala kwa muda kwa niaba ya kaka yake, Mfalme Pedro, na kufariki Lisbon tarehe 31 Desemba 1705.

Basi leo jioni, mzazi, ukimimina chai, wasimulie watoto habari za malkia huyu. Kisha wasimulie pia habari za Gwassi. Yote mawili yamo katika kikombe kimoja.