Nyota ya Kuzaliwa Haiui Wala Haiponyi



Katika familia nyingi za parokia zetu yupo mtoto, ndugu au jamaa anayeishi ng'ambo. Akiugua huko, sisi tuliobaki nyumbani huingiwa na hofu maradufu, kwa kuwa hatumwoni. Wengine husali na kumpigia simu. Wengine, kwa siri au kwa wazi, hukimbilia kwa mnajimu ili atazamiwe nyota yake, wajue kama atapona na kama mwaka huu ni mwema kwake.

Mwezi huu tunaliangalia jambo hili kwa kupitia watu wengine ambao wana uzoefu mrefu wa kuhama na wa kusoma nyota, yaani Wachina waliohamia Marekani. Kwao jambo hili limechunguzwa na wataalamu, na mafunzo yaliyopatikana yanatufaa hata sisi.

KALENDA YA WACHINA INASEMAJE?

Kalenda ya jadi ya Wachina huipa miaka majina ya wanyama 12 kwa zamu: Panya, Ng'ombe, Chui-milia, Sungura, Joka, Nyoka, Farasi, Mbuzi, Kima, Jogoo, Mbwa na Nguruwe. Pamoja na wanyama hao zipo asili tano: Mti, Moto, Udongo, Metali na Maji. Kila asili hushika miaka miwili mfululizo. Wanyama na asili wakizunguka pamoja, duru nzima hukamilika kwa miaka 60.

Asili ya mwaka hujulikana kwa tarakimu ya mwisho. Miaka inayoishia na 4 au 5 ni ya Mti, 6 au 7 ni ya Moto, 8 au 9 ni ya Udongo, 0 au 1 ni ya Metali, na 2 au 3 ni ya Maji. Ila mwaka wao mpya huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, kwa hiyo aliyezaliwa mapema Januari huhesabiwa katika mwaka uliotangulia.

Waganga wa jadi wa China waliziunganisha asili hizo na viungo vya mwili. Mti ni ini, Moto ni moyo, Udongo ni wengu na tumbo, Metali ni mapafu, Maji ni figo. Hapo ndipo unajimu ulipoingia katika chumba cha mgonjwa. Mtu aliyezaliwa mwaka 1937, ambao ni wa Moto, huambiwa kwamba moyo wake ni dhaifu tangu kuzaliwa. Aliyezaliwa mwaka wa Metali akipata pumu au mkamba, jamaa huguna wakasema hilo lilijulikana zamani.

Tena, kila baada ya miaka 12 mnyama wa mtu hurudi, na mwaka huo huhesabiwa kuwa wa mikosi kwake. Wengi huvaa mkanda au kamba nyekundu mwaka mzima ili kujikinga. Kipo pia kitabu cha kila mwaka, ambacho watu wa kusini mwa China hukiita Tung Shing, kinachoonyesha siku njema na siku mbaya za kuoa, kuhama nyumba au kuanza kazi.

KWA NINI MHAMIAJI HUISHIKA?

Tusiwacheke. Wachina wengi wa kwanza walifika California katika karne ya 19 kuchimba dhahabu na kujenga reli. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1943. Mwaka 1900, tauni ilipogunduliwa San Francisco, serikali iliuzingira mtaa wa Wachina na kuwazuia wakazi wake wasitoke. Mwaka huo huo Wachina wenyewe walikuwa na zahanati yao ndogo, Tung Wah, na mwaka 1925 wakafungua hospitali yao, kwa sababu kwingineko hawakupokelewa vizuri.

Mtu aliyetendewa hivyo hamwamini upesi daktari mgeni. Analazwa katika wodi asiyoijua lugha yake, anapewa chakula asichokizoea, anaelezwa ugonjwa kwa maneno asiyoyafahamu. Kalenda ya bibi yake, kinyume chake, inasema naye kwa lugha ya nyumbani na kumpa sababu: "Umeugua kwa kuwa ulizaliwa mwaka fulani." Sababu hiyo, hata ikiwa ya uongo, humpa mgonjwa kitu cha kushika. Nasi tunajua hali hiyo, maana mgonjwa wetu naye akikosa maelezo hospitalini huyatafuta kwingine.

UTAFITI WA CALIFORNIA

Mwaka 1993 jarida la kitabibu la Uingereza liitwalo The Lancet lilichapisha utafiti wa David Phillips na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Walichunguza vifo vya Wachina 28,169 wa California na kuvilinganisha na vya wazungu 412,632. Walisema kwamba Mchina aliyepata ugonjwa unaolingana na asili mbaya ya mwaka wake alikufa mapema kuliko Mchina mwenye ugonjwa ule ule aliyezaliwa mwaka mwingine. Tofauti ilikuwa kati ya mwaka 1.3 na miaka 4.9. Kwa wazungu, ambao hawana habari ya kalenda hiyo, tofauti haikuonekana. Waandishi wakaona kwamba si nyota iliyoua, bali imani ya mgonjwa kwamba amekwisha hukumiwa.

Habari hiyo ilienea sana, na bado inasimuliwa. Lakini ni haki kueleza na yaliyofuata. Mwaka 2006 mtaalamu wa takwimu Gary Smith alizipitia upya kumbukumbu za vifo vya California za 1969 hadi 1990, akaongeza na za 1991 hadi 2002. Aliona kwamba utafiti wa kwanza uliacha nje magonjwa mengi, na alipoyahesabu yote kwa ukamilifu, matokeo yale hayakuonekana tena. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mtu kwamba imethibitika hofu ya nyota hupunguza miaka ya kuishi. Na wale wanaosema kwamba nyota zenyewe zinaonyesha ugonjwa wa mtu hawana kabisa cha kushika: Wachina wa miaka yote waliugua na kufa kama watu wengine.

Hata hivyo, hofu si kitu cha kupuuzwa. Mwaka 2020 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la watu 60 waliokuwa wameacha vidonge vya kupunguza mafuta katika damu kwa sababu ya maumivu. Miezi mingine walipewa dawa ya kweli, miezi mingine vidonge vitupu, bila kujua ni vipi. Karibu asilimia 90 ya usumbufu walioupata kwa dawa waliupata pia kwa vidonge vitupu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, ila mengi hayakuletwa na dawa. Yaliletwa na kutazamia kuumia. Basi fikirini mgonjwa anayeambiwa na watu wake kwamba mwaka huu hautamwacha salama. Atalala vibaya, atakosa hamu ya kula, na huenda akaacha dawa akisema, "Ya nini tena?" Hapo ndipo hasara ilipo.

INI NA MWAKA WA MTI

Tuchukue mfano mmoja. Kalenda inasema watu wa miaka ya Mti wana ini dhaifu. Ni kweli kwamba Wachina wengi, nyumbani na ugenini, wameugua ini. Lakini chanzo kikubwa ni virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtoto akiambukizwa akiwa mchanga, mara 9 kati ya 10 virusi hubaki mwilini. Vinaweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote, kisha vikaleta kusinyaa kwa ini au saratani.

Mwaka 1984 kisiwa cha Taiwan kilianza kuwachanja watoto wachanga waliozaliwa na akina mama wenye virusi hivyo, na kuanzia 1986 watoto wote. Angalieni mwaka wenyewe: 1984 unaishia na 4, ni mwaka wa Mti. Watoto ambao kalenda iliwatabiria ini bovu ndio waliokuwa wa kwanza kulindwa ini. Kabla ya hapo, kati ya 1981 na 1986, saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa 0.70 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Kati ya 1990 na 1994 ilishuka hadi 0.36. Sindano ilifanya kazi kwa mtoto wa Panya na wa Ng'ombe sawasawa. Na huko San Francisco, mwaka 2007 ilianzishwa kampeni ya kuwapima na kuwachanja watu wa asili ya Asia.

Kwa kusema hivi hatudharau utabibu wa Wachina. Dawa ya mseto ya malaria inayotolewa katika zahanati zetu ina kiini kilichotoka katika mmea wa China. Mama Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale vya tiba, wakaujaribu mmea huo tena na tena, na mwaka 1972 wakapata kiini chake safi. Mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Mmea ulipimwa ukaonekana unafaa. Nyota nazo zilipimwa, zikaonekana hazina kitu.

KANISA LINATUFUNDISHA NINI?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2116, inakataa aina zote za uaguzi, ikiwa ni pamoja na unajimu na kusoma viganja. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya yule mtu azaliwe kipofu. Bwana hakukubali hesabu hiyo, bali alimponya. Na Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza kusali na vilevile kumheshimu tabibu.

Kanisa liliwahi kuonja matunda machungu ya kalenda hii. Kuanzia 1644 Padre Johann Adam Schall von Bell, Mjesuiti Mjerumani, aliongoza idara ya falaki ya mfalme huko Beijing. Miaka ya 1660 maadui zake walimshtaki, na mojawapo ya mashtaka lilikuwa kwamba idara yake ilichagua siku mbaya ya kumzika mwana mchanga wa mfalme, na hivyo kuleta vifo vingine ikulu. Mwaka 1665 alihukumiwa kufa. Alisamehewa, lakini Wakristo watano wa Kichina waliofanya kazi naye waliuawa. Ndivyo ilivyo: msiba ukisomwa nyotani, lazima atafutwe mtu wa kulaumiwa.

KINACHOMSAIDIA MGONJWA UGENINI

Mwaka 1971 katika mtaa wa Wachina wa San Francisco ilianzishwa huduma ya wazee iitwayo On Lok, jina lenye maana ya makao ya amani na furaha. Wazee wahamiaji, Wachina na wengine, waliletwa asubuhi kituoni, wakatibiwa, wakala chakula walichokizoea, wakaongea na wenzao kwa lugha yao, na jioni wakarudishwa nyumbani. Mpango huo ukawa mfano ulioigwa sehemu nyingi za Marekani. Kile ambacho mzee alikitafuta katika kalenda, yaani lugha yake na watu wake, alikipata pamoja na matibabu.

Basi sisi tulio na wagonjwa mbali tufanye yafuatayo:

1. Tunapompigia simu, tumwulize daktari amesema nini, ugonjwa unaitwaje, dawa ni zipi na siku ya kurudi hospitali ni ipi. Tusimpelekee maneno ya mnajimu.

2. Tumhimize aombe mkalimani hospitalini. Si vema mtoto mdogo awe ndiye wa kumfasiria mama yake habari za ugonjwa.

3. Tusimtumie dawa za miti shamba bila daktari wake kujua. Miaka ya mwanzo ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliomeza vidonge vya kupunguza unene vilivyochanganywa na mmea wa Kichina wa jamii ya Aristolochia waliharibika figo.

4. Tumsaidie kutafuta parokia iliyo karibu naye na watu wa lugha yake, ili apate Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa na mtu wa kumtembelea.

5. Asiahirishe upasuaji au vipimo kungoja siku ya bahati. Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayengoja siku njema naye ameyaficha maradhi yake.

6. Sisi wenyewe tupime homa ya ini aina ya B, na tuhakikishe watoto wetu wanamaliza chanjo zote za kliniki, maana virusi hivyo vipo hata kwetu.

Mwaka aliozaliwa mtu ni zawadi ya Mungu, nasi tunamshukuru kwa huo, uwe wa Moto au wa Maji. Anayeugua ng'ambo asiambiwe kwamba mwaka wake umefika. Aambiwe kwamba tunamwombea, tunangoja habari za vipimo, na dawa amalize.