Ugumu wa mchezo hupangwa kama bei

Katika soko la michezo ya video, mnunuzi anayeshindwa mapema huacha kucheza, wala hawashauri wenzake wanunue. Kampuni ndogo isiyo na fedha za matangazo huumia zaidi.

Kinga ya hasara hiyo imeonekana katika Hades, mchezo wa kampuni ya Supergiant Games ya San Francisco, Marekani, uliokamilika Septemba 2020. Mchezaji hujaribu kutoroka kuzimu. Akifa, huanza upya. Anayelemewa huweza kuchagua kupunguziwa makali ya mapigo ya maadui kwa asilimia 20. Kila anapokufa huongezewa asilimia 2, hadi kikomo cha asilimia 80. Maadui wenyewe hawabadilishwi, na hadithi haikatwi.

Hodari naye, akishatoroka mara ya kwanza, hujiongezea masharti: maadui wengi zaidi, wepesi zaidi au wenye uhai mkubwa, na hulipwa kwa zawadi.

Kwa njia hiyo bidhaa moja huwafaa wateja wa aina mbili. Hadi mwishoni mwa mwezi huo, nakala zaidi ya milioni 1 zilikuwa zimeuzwa, zikiwamo 700,000 za kipindi cha majaribio kilichoanza Desemba 2018.